Thelathini na Moja Nukta Mbili

Mwalimu wetu wa kemia hakuonja pombe maisha yake yote, lakini kila Jumamosi alinunua chupa moja ya gongo. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo kijiji kizima kilipoanzia kumsema. Alikuwa mtu wa ziwani, Mwanglikana aliyepangiwa kufundisha kati yetu Wakatoliki wa milimani, na shati lake jeupe lilikuwa na matundu madogo kifuani yaliyotobolewa na asidi. Watu walisema ni ya sigara. Mama Osmund, aliyepika gongo nyuma ya mashamba ya kahawa, alimviringishia chupa kwenye gazeti ili asionekane. Mwalimu aliliondoa gazeti, akalikunja, akalitia mfukoni akalisome nyumbani, kisha akapita mbele ya kanisa na chupa mkononi kama mtu aliyebeba mafuta ya taa.

Siku moja Katekista alimsubiri njiani.

"Mwalimu, tunakuombea."

"Asante sana, Katekista. Yaombeeni na maua. Mwaka huu yamechelewa."

Katekista akaenda kusema kwamba sasa mtu huyu analewa hata kabla hajafungua chupa.

Maua yenyewe yalikuwa yale mekundu ya haibiskasi kwenye uzio wa parokia. Shule yetu haikuwa na kiashiria cha kununua, ile dawa inayobadilika rangi ikikutana na asidi, kwa hiyo Mwalimu aliloweka petali kwenye gongo mpaka likawa jekundu lililoiva. Tone moja kwenye maji ya limau likawa rangi ya waridi. Tone moja kwenye maji ya majivu likageuka kijani. Alipopata habari kwamba anaitwa mlevi alimwalika Katekista darasani, akamwonyesha glasi mbili. Katekista alifanya ishara ya msalaba, akainama, akatazama tena.

"Na divai ya misa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ni asidi, Katekista. Haiwezi kugeuka kijani."

"Afadhali," akasema Katekista, na tangu siku hiyo uzio wa parokia ukawa wetu.

Ninaisimulia hadithi hiyo kila ninapokwenda, na nimekwenda sehemu nyingi. Ila kuna kipande ninachokiruka. Aliyegundua kwamba maua yakichumwa asubuhi kabla ya jua hutoa rangi kali zaidi hakuwa Mwalimu, wala sikuwa mimi niliyeishi hatua mia kutoka kwenye uzio ule tangu nizaliwe. Alikuwa Zita, msichana wa Lundo, kando ya ziwa, aliyekuja milimani kwa ajili ya shule tu. Alimwambia Mwalimu siku moja akiwa anapita na ndoo, kama mtu anayeeleza kwamba mbuzi amefunguka. Mwalimu akasimama palepale, akatoa daftari lake jeusi, akaandika.

Niliona akiandika. Nadhani wivu wangu ulizaliwa hapo, na mpaka leo nikiwa na miaka arobaini na sita una afya njema kuliko mimi.

Daftari lile lazima nilieleze. Lilikuwa kaunta buku nene, lenye gamba gumu. Upande wa mbele Mwalimu aliandika kila alichokichanganya: tarehe, kiasi, na mkono wa nani uliopima. Akiligeuza, upande wa nyuma kulikuwa na majina ya wanafunzi waliomfundisha yeye jambo. Hakuyasoma kwa sauti wala hakutoa zawadi. Lakini sote kumi na wawili tuliochukua kemia tulijua yaliyomo. Mpaka tunaingia kidato cha nne, jina la Zita lilikuwemo mara tatu. La kwangu halikuwemo. Nilijitahidi. Nilimwambia kwamba chai ikitiwa limau hupauka, akasema, "Vizuri, mwanangu, bibi yangu alilijua hilo." Nilimwambia kwamba majivu ya magunzi yanachubua mikono kuliko majivu ya kuni, akasema, "Vizuri, Mama Osmund aliniambia mwaka juzi." Kila nilipofika, kulikuwa na mama fulani amekwisha kufika.

Na hiyo ndiyo ilikuwa imani yake kubwa, kwamba kemia ilianzia jikoni. Kiingereza cha kitabu kilipotuacha njiani, alikifunga kitabu na kutupeleka kwenye karo la kuchachushia kahawa. Alituingiza mikono kwenye ule utelezi unaozizunguka punje, akatuambia tunuse. "Hii ni asidi inazaliwa. Baba zenu wanajua saa ya kuosha kwa kusikiliza mlio wa punje zikisuguana. Hawajui jina tu." Akatueleza jinsi mama zake wa ziwani wanavyoloweka muhogo mpaka unachacha, ndipo wanauanika na kuutwanga, na kwamba sumu ya muhogo inaondokea humo. Sisi watoto wa mahindi tukakunja nyuso kwa ile harufu aliyoieleza. Zita akacheka peke yake, kwa sababu alikuwa anaijua. Nikaona wivu hata wa muhogo.

Siku ya kufundisha misombo alimwekea kila mmoja chembe za chumvi kiganjani. "Hapo mkononi mwako kuna metali inayolipuka ikiguswa na maji, na kuna gesi inayoua watu. Ramba." Tukaramba. "Mmekufa?" Hatukufa. "Vitu viwili vikiungana sawasawa, hakuna kinachobaki na tabia yake." Nimelifikiria sana neno hilo baadaye. Nimekaa na wanawake wawili katika miji miwili, na kote nilibaki na tabia yangu.

Chumvi ile ndicho kitu pekee alichowahi kuturuhusu kuonja. Kuonja kitu kwenye maabara yake, hata maji, kulikufukuzisha wiki nzima. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akionja udongo. Wakulima walimwita, naye alikwenda hata Mbuji kwa miguu, anachota udongo kutoka kwenye tuta kati ya mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha miteremkoni, anauweka kwenye ncha ya ulimi, anatema, anasema, "Umechacha huu. Upe majivu." Nilipomuuliza kwa nini yeye anaonja na sisi hapana, alifikiri kidogo, akasema, "Mimi ulimi wangu nimeshautumia. Wenu bado una kazi." Halikuwa jibu. Alikuwa na majibu mengi ya aina hiyo, na saa ya mkononi isiyotembea, na alichelewa kila mahali isipokuwa kwenye tone. Alikuwa na uwezo wa kusahau chakula chake kwenye jiko mpaka sufuria ikapasuka, lakini tone likining'inia kwenye ncha ya byureti, ule mrija wa kioo wenye mistari ya kupimia, alilisubiri kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe.

Alikuja pia shambani kwetu, upande wa Ruanda, huko huko milimani. Kahawa ya baba ilikuwa ya manjano, na baba alikuwa ameshajiandaa kuing'oa. Nilijivuna njia nzima, Mwalimu wangu anakuja kwetu. Ila alikuja na Zita, amebeba chupa ya maua. Mwalimu akaonja udongo, akatema, kisha akamgeukia. "Zita, soma." Zita akatikisa udongo na maji, akauacha utulie, akadondosha rangi, akachuchumaa mpaka macho yakawa sawa na glasi. "Waridi, Mwalimu. Waridi iliyokolea." Baba akaambiwa aweke majivu na chokaa, na mwaka uliofuata majani yalirudi. Jioni ya siku ile ya kupima udongo baba aliniuliza, "Yule binti ni wa nani?" Nikamwambia. "Na wewe mnasoma naye darasa moja?" Nikamwambia ndiyo. Akarudi kwenye kahawa yake. Ningefurahi kama angenichapa.

Zita, soma. Nimeyasikia maneno hayo mawili mara nyingi kuliko jina langu. Kila zoezi la kupima asidi kwa besi, Mwalimu alidondosha mwenyewe mpaka kijani kikageuka waridi, kisha akasema hivyo, na Zita akachuchumaa. "Jicho lishuke mpaka usawa wa maji," Mwalimu alituambia. "Maji hayapandi kukufuata wewe." Sisi wengine tulisoma tukiwa tumesimama, au tulisubiri Zita aseme.

Kitu kimoja tu kilimkasirisha, nacho ni kifutio. Siku moja mwenzetu aliiba utepe wa magnesi ili akawashe mbele ya wasichana. Mwalimu alimwita, akamuuliza kama mwanga ulikuwa mzuri, akamwambia asirudie. Lakini msichana aliyefuta jibu kwenye karatasi ya majaribio alisimamishwa mbele ya wote. "Umekosea, sawa. Piga mstari mmoja juu yake, uandike lingine pembeni. Nataka kuona ulikotoka. Ukifuta, umeniibia." Yaani mwizi wa kweli alisamehewa, na mwenye kifutio akaitwa mwizi. Tulicheka sana bwenini. Mimi sikujua bado kwamba kicheko hicho kitanikaa kooni.

Sasa nifike kwenye mtihani wa majaribio.

Mwalimu alikuwa na byureti moja ya kioo aliyoinunua mwenyewe, akaazima tano. Asidi aliitengeneza kutoka maji ya betri aliyoyapata gereji ya Mbinga, akayapunguza makali kwa vipimo vyake. Akamwekea kila mmoja wetu mililita mia mbili kwenye chupa ya bia ya kahawia iliyooshwa, akabandika kikaratasi chenye jina kwa ugali. Chupa kumi na mbili, zote zimepimwa kwa mkono wake, zimefungiwa kabatini. Alikuwa ametangaza kwamba baada ya mtihani huu atachagua mtu wa kukaa na ufunguo wa kabati na kupima naye michanganyiko mpaka mtihani wa taifa. Hakuna aliyekuwa na shaka ni nani. Isipokuwa mimi, nilikuwa na tumaini, na tumaini likichanganyika na wivu halibaki na tabia yake.

Asubuhi hiyo nilikuwa zamu ya maji. Mwalimu alinifungulia, akaniachia mlango, akaenda kutafuta saa ya kuazima kwa sababu yake haikutembea. Chupa zilikuwa zimepangwa mezani. Mfukoni nilikuwa na kikombe kidogo cha plastiki cha dawa ya kikohozi, chenye mistari. Nilikuwa nimekichukua nyumbani tangu Jumapili, kwa hiyo siwezi kusema ni shetani wa ghafla. Nilichota maji, nikayafikisha mstari wa juu, mililita kumi na tano, nikamimina kwenye chupa ya Zita. Mara nne, ili asidi yake ipungue nguvu, imlazimu kutumia nyingi zaidi, na jibu lake lipande. Nilichuchumaa kila mara kuhakikisha. Ndiyo mara pekee katika shule ile niliposoma kipimo kama alivyotufundisha.

Tulifanya kwa makundi mawili ya watu sita. Mimi nilitumia mililita ishirini na tatu nukta sita za asidi. Nikasikia wenzangu wakinong'ona ishirini na nne, ishirini na nne. Nikafuta, nikaandika ishirini na nne. Zita alikuwa meza ya pili. Nilimwona akimaliza, akichuchumaa, akikunja uso. Akarudia. Akakunja uso tena. Akarudia mara ya tatu. Minong'ono ilimfikia na yeye, maana aliinua kichwa na kututazama mmoja mmoja. Kisha akaandika.

Siku ya majibu Mwalimu alikuja na chupa ya Zita mkononi.

"Kumi na mmoja mmeandika ishirini na nne," akasema. "Mmoja ameandika thelathini na moja nukta mbili. Zita, simama. Ulisikia wenzako?"

"Nilisikia, Mwalimu."

"Ukawaza nini?"

"Niliwaza nimekosea."

"Sasa mbona hukubadilisha?"

"Nilisoma mara tatu, Mwalimu. Ilikuwa inakataa."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema kwamba amepima mwenyewe asidi iliyobaki kwenye chupa ile, naye amepata thelathini na moja nukta mbili. "Zita amesoma kilichokuwepo. Chupa ndiyo yenye kosa, na chupa ilipimwa na mimi. Kosa ni langu." Akafungua daftari jeusi mbele yetu, akaandika hivyo hivyo. Zita akapata alama zote. Halafu Mwalimu akanigeukia, akainua karatasi yangu kuelekea dirishani, mahali nilipofuta pakaonekana peupe. "Na wewe umeniibia nini hapa?" akaniuliza. Nikasema sijui. Wenzangu wakacheka tena.

Wiki iliyofuata ufunguo ukawa kwa Zita. Na kuanzia siku ile Mwalimu hakupima tena kitu kwa mkono wake. Alisimama nyuma ya Zita, mikono ameifunga mgongoni, akielekeza kwa kidevu. Mimi niliona ni upendeleo umezidi. Nilikaa miezi ile yote nimekasirika, nikiitazama ile mikono mgongoni, na sikuuliza imefungwa na nini.

Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka. Sikurudi kukaa. Makambako nilijaza maji ya betri; Tunduma nilichemsha sabuni kwa kostiki na mafuta ya mawese; nimekuwa Mbeya, Mtwara, na mwaka mzima kwenye tanuri la chokaa ambalo hata jina la kijiji chake nimelisahau. Ukiangalia vizuri, nimezunguka nchi nikifanya kazi za asidi na besi, vibaya, mkono mmoja una kovu. Na kote nilikutana na mtu wa kwetu wa kunipa habari. Zita amekwenda chuo. Zita amerudi. Zita ni mwonjaji wa kahawa, anaheshimika.

Mwaka huu baada ya masika nilipita Mbinga nikamkuta kazini kwake. Vikombe vilikuwa vimepangwa mezani kama zile chupa. Alichota kwa kijiko, akafyonza kwa kishindo, akatema kwenye ndoo.

"Hii ya Ruanda," akasema. "Ina uchachu safi. Labda ya kwenu, kaka."

"Labda," nikasema. Mimi nimechomwa na asidi nusu ya maisha yangu, hakuna aliyewahi kuisifu.

"Umemwona Mwalimu?"

"Sijamwona tangu shule."

Akaweka kijiko chini. "Kaka! Siku zote hizo? Macho yamemwishia. Na kifua. Mimi huteremka kila mwezi. Nenda basi, atafurahi."

Kila mwezi. Nilipanda basi la kuteremka ziwani kesho yake asubuhi kwa sababu ya maneno hayo mawili, wala si kwa sababu ya kifua cha Mwalimu. Sasa hivi ni lami mpaka chini, unaliona ziwa kabla hujamaliza kujiandaa. Kutoka barabarani pikipiki ilinipeleka hadi nyumbani kwa Mwalimu, upande wa Lundo, pua imejaa harufu ya muhogo uliolowekwa. Ilikuwa kama alivyotueleza.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba kando ya jiko, na vichanja vya usipa, dagaa wa ziwani, vikikauka mbele yake. Mke wake, Mama Mwalimu, alikuwa akifukuza kuku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo sauti ya mlimani. Nani?"

Nikamtajia jina. Akainamisha kichwa, akatafuta. Nilijiandaa kusahaulika.

"Wewe ni wa chai na limau," akasema. "Shamba la Ruanda. Baba yako aliweka majivu?"

"Aliweka, Mwalimu. Mpaka leo tunaweka."

Tukala usipa na ugali wa muhogo, tukacheka kuhusu Katekista. Alinitajia Zita mara nane. Sikutaka kuhesabu lakini nilihesabu. Kisha akaanza kukohoa, na Mama Mwalimu akaja na chupa ya dawa na kikombe chake kidogo cha plastiki, chenye mistari. Nikakitazama kile kikombe, nikaihesabu mistari yake.

"Mpimie wewe basi, mimi nina ugali mkononi," Mama Mwalimu aliniambia, akinisogezea. "Huyu hapimi kitu. Hata sukari kwenye chai, ni mimi. Fundi wa vipimo huyu!"

"Kwa sababu ya macho?" nikauliza.

"Macho yameanza juzi," akasema. "Hii ni ya tangu kule kwenu."

Mwalimu akatabasamu kuelekea ziwani. "Nilikosea chupa moja," akasema. "Hukumbuki? Chupa ya Zita. Nilikaa nikitafuta nilikosea wapi. Nilipima kumi na mbili, mkono ule ule, saa ile ile, kumi na moja ziko sawa. Nilirudia peke yangu wiki nzima, sikuona. Mtu akikosea na akajua alipokosea, anaendelea. Mimi sikujua. Kwa hiyo nikaona mkono huu usiaminiwe tena, nisije nikamharibia mtoto wa mtu mtihani wa kweli. Nikawaachia wanafunzi wapime. Si haba, ndivyo walivyojifunza."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayeeleza kwa nini alihama nyumba. Nilifikiri: ninyamaze. Amezoea. Nikisema, jina langu mbele yake, ambalo limekuwa chai na limau, litakuwa kitu kingine mpaka afe. Nikafikiri pia, na hili naliandika bila kulifuta, kwamba Zita akija mwezi ujao ataambiwa. Hilo ndilo lililokaribia kunishinda.

"Mwalimu, hukukosea," nikasema. "Ni mimi. Niliweka maji kwenye chupa ya Zita asubuhi ile, nikiwa zamu."

Mama Mwalimu aliacha kufukuza kuku. Mwalimu hakugeuka. Nikasubiri aniulize kwa nini. Nilikuwa na jibu la miaka karibu thelathini.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Nini, Mwalimu?"

"Maji. Uliweka kiasi gani?"

"Sitini. Nilipima kwa kikombe kama hiki. Kumi na tano mara nne."

Midomo yake ikaanza kutembea. "Mia mbili za kwangu, na sitini. Mia mbili na sitini. Gawa kwa mia mbili, moja nukta tatu. Mara ishirini na nne." Uso wote ukafunguka. "Thelathini na moja nukta mbili! Mama, unasikia? Thelathini na moja nukta mbili kamili! Zita alisoma sawasawa!"

"Sawasawa kabisa," nikasema. Nilikuwa nimesafiri nchi nzima na dhambi yangu, nikaileta, nikaifungua, na ndani yake kulikuwa na sifa ya Zita.

Alimtuma mke wake kwenye sanduku. Daftari jeusi likaja, limeliwa na mende pembeni. Akaniambia nitafute ukurasa. Niliuona haraka, mwandiko wake ulionyooka: *Chupa ya Zita, kosa langu, sijui wapi.*

"Usilifute," akasema. "Piga mstari mmoja. Juu yake andika ulichofanya, na kiasi, na tarehe ya leo. Na jina lako."

Nikaandika. Jina langu likaingia kwenye daftari lile, upande wa mbele, siyo ule wa nyuma niliokuwa ninautamani. Sikumsikia akinisamehe, na sikumwomba. Alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya magoti, akiifungua na kuifumba polepole.

"Basi ulikuwa mzima," akasema. Nilijua alikuwa anazungumza na mkono.

Kisha akaunyoosha kuelekea kwangu. "Nipe hiyo dawa."

"Utamwaga," Mama Mwalimu akasema.

"Nipe."

Akashika chupa mkono wa kulia, kikombe mkono wa kushoto, akakiinua mpaka usawa wa macho yasiyoona. Akamimina taratibu, akisikiliza. Akaacha kumimina.

"Kumi na tano," akasema. "Soma."

Nilichelewa kuelewa kwamba ananiambia mimi. Nikapiga magoti kwenye mchanga, nikashusha jicho mpaka usawa wa dawa. Ilikuwa haijafika. Nilimwona Mama Mwalimu juu ya bega lake akinitikisia kichwa, akiniomba kwa macho niseme kumi na tano, nimpe mzee furaha yake.

"Kumi na nne, Mwalimu."

Mama Mwalimu akafumba macho. Mwalimu akasogeza chupa, akaacha lidondoke tone moja, la pili, la tatu, na mengine mengi, akingoja kila moja.

"Sasa?"

Sikuinuka. Nilisoma mara tatu.

"Sasa kumi na tano."